Nyumba Iliyosikia Bila Kusikika

Nilirudisha funguo za stoo mwezi uliopita, na tangu hapo mikono yangu haijui pa kukaa. Nikipita Nyaishozi bado natazama mapaa kwanza na nyuso baadaye, hata watu wameanza kusema kustaafu kumenipa maringo. Nyinyi mnaobaki kazini mliniomba niwaachie neno. Vyeo na mishahara sitavigusa, wapo wanaopenda kuvisimulia. Mimi nitaandika mambo yaliyonishangaza, maana kushangaa ndiko kulikoniweka kwenye kazi hii miaka yote. Mama yangu, huko Muleba, alikuwa akisema nitauliza maswali hata siku ya kuzikwa kwangu.

Nilifika Karagwe nikiwa msichana, mwanafunzi wa ufundi wa simu, enzi zile simu ilikuwa kitu cha kupigiwa nguzo na kuvutiwa waya. Bosi wangu alikuwa Mzee Kagaruki, Mnyambo wa hukohuko, mfupi, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Siku ya kwanza hakunipa koleo. Alinichukua mpaka Nyakakika, kwa mfanyabiashara mmoja aliyelalamika kwamba simu yake imekufa. Nilipoiona tu nikachomoa bisibisi yangu mpya na kuanza kuifungua, nikitaka aone kwamba chuoni sikulala.

“Weka chini,” Mzee Kagaruki aliniambia. “Imekufa kwa kusikia au imekufa kwa kusema?”

Kwangu mimi kilichokufa kilikuwa kimekufa. Mzee akamuuliza mwenye nyumba, naye akasema kusikia anasikia vizuri sana, ila watu wa Bukoba wanamkatia wakidhani hakuna mtu. Basi Mzee akafungua upande wa mdomo tu. Ndani mlikuwa na makapi ya kahawa ya kutafuna, yamegandamana na mate ya miezi. Yule bwana alikuwa hawezi kufanya biashara bila buni shavuni, na kila alipopandisha sauti ya bei, simu ilipata sehemu yake. Tulisafisha, tukakaribishwa kahawa hiyohiyo, tukatafuna njia nzima ya kurudi. Nilijifunza kwamba kwenda na kuja ni njia mbili, hata kama zimepita kwenye kidude kimoja.

Nguzo zikaanza kuoza, waya zikaibwa zikageuka bangili, na simu za mkononi zikaingia. Mzee Kagaruki alistaafu akarudi kwenye migomba yake. Mimi nikahamia kampuni ndogo iliyokuwa ikisimamisha minara vilimani na kuwafungia watu antena za intaneti majumbani, Karagwe na baadaye Kyerwa. Nilikuwa mtu mzima nikaanza moja pamoja na vijana walioniita mama. Sikuona aibu. Nilikuwa na hamu kubwa ya kujua kitu kisichoonekana kinapitaje juu ya bonde bila waya.

Kuhusu vifaa nitasema kidogo. Watu wa semina hupenda kuulizia mashine za kupimia, na ni nzuri, zipendeni. Lakini kifaa kilichonisaidia zaidi katika wilaya hizi mbili ni panga, kikifuatiwa na maneno mazuri. Antena ya nyumbani lazima iuone mnara, na mgomba hausomi mikataba. Unafunga antena Januari mambo yakiwa safi, ukirudi baada ya mvua jani limesimama katikati kama askari wa zamu. Na huwezi kukata jani la mtu bila kuomba. Unaomba, unaulizwa ukoo wako, unakula ndizi na maharage, halafu ndipo unakata. Wakubwa wa kampuni huko Mwanza hawakuelewa kamwe kwa nini kazi ya jani moja inachukua nusu siku.

Sasa niwaambie kesi niliyoipenda kuliko zote. Ilitokea Igurwa, miaka michache tu kabla sijaacha kazi, kwenye nyumba ya bwana shamba mmoja mstaafu niliyekuwa nimemfungia antena mwenyewe. Nyumba yake iko bondeni, simu za mkononi huko zinashika kwa kubahatisha, ndiyo maana aliitaka antena. Alikuwa mtu wa kuhifadhi. Sebuleni kwake, juu ya meza ya kona, aliweka kompyuta ya zamani aliyoigeuza seva, akajaza humo picha za ukoo, harusi, kwaya za Kilutheri, na masomo yake ya kahawa na migomba. Ndugu popote walipo waliingia na kuchukua walichotaka. Nyumbani waliiita kabati la mzee. Iliwaka mchana na usiku, na aliponiuliza kama kuna ubaya nilimwambia hakuna.

Bwana shamba akafariki. Alikuwa na mtoto mmoja, binti aitwaye Koku, muuguzi huko Ujerumani. Koku alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku chache tu kabla, na madaktari hawakumruhusu kusafiri. Akakosa mazishi ya baba yake. Wazee wa ukoo wakakubali jambo ambalo si jepesi katika pande hizi: marehemu alikuwa amesema mbele yao kwamba mrithi wake ni Koku, ingawa ni mwanamke, na wakamheshimu. Sharti lilikuwa moja. Siku ya kuanua tanga, mrithi aitwe mbele ya ukoo, aulizwe, ajibu kwa kinywa chake. Karatasi haikutosha, wala kusemewa na mtu. Na kwa kuwa hakuweza kuja, wangemwita kwa video.

Siku hiyo asubuhi nilipigiwa simu na mjane, Mama Koku. Alikuwa amepanda mpaka barabarani kutafuta mtandao wa simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza machozi. Alisema walimwita Koku jana kufanya majaribio na leo wamemwita tena rasmi, na mambo yameharibika, na wazee wanataka kumtaja mtu mwingine.

Nilipofika, uani kulijaa watu wamekaa juu ya majani makavu ya migomba. Sebuleni walikaa wazee. Kiti cha marehemu kilikuwa mahali pake, na juu ya kiti wameegemeza kompyuta ya mapajani ya binamu mmoja, ili Koku aonekane amekaa pale anapopaswa kukaa mrithi. Nilisalimia, nikapewa pole ya safari, nami nikawapa pole ya msiba. Aliyeongoza kikao alikuwa Mzee Bitegeko, mkubwa wa ukoo, mtu mpole asiyekatiza maneno ya mwenzake. Aliyekuwa na hasira ni Deusi, mdogo wake marehemu.

Deusi hakuwa mtu mbaya, niwaambie mapema. Alikuwa ameumia. Alieleza kwamba Koku amesalimia shikamooni, wazee wote wakaitika marahaba, yeye akasalimia tena. Wakaitika. Akasalimia mara nyingine, kama vile marahaba yao haitoshi au anaikejeli. Akaulizwa swali la urithi, akasema eti hamnisikii? Halafu akapiga magoti, akanyamaza, na hakusema neno tena mpaka wakakata wenyewe. Na jana ilikuwa hivyohivyo.

“Wananiambia ni mtandao,” Deusi aliniambia. “Mama fundi, tunamsikia mpaka mtoto wake akipiga chafya. Mtandao mbovu gani huo? Huyu hataki nyumba ya kaka yangu, na hataki kusema hataki.”

Wengine wakaguna kukubali. Kama Koku asingejibu siku ile, kibanja, yaani nyumba na shamba lake la migomba, kingekwenda kwa mtoto wa Deusi, na tanga lingeanuliwa hivyo. Jambo likishaamuliwa kwenye tanga halifunguliwi tena. Mama Koku alikaa karibu na mlango wa jikoni, macho chini. Angebaki kwenye nyumba ile kama mgeni wa shemeji yake. Nilimwonea huruma. Na papo hapo, nisamehewe, nilisisimka pia, kwa sababu maneno ya Deusi yalikuwa yamenipa dalili nzuri kuliko kipimo chochote.

Niliomba wamwite tena, nitazame tu. Koku akatokea, safi kabisa. Akasema, “Shikamooni wazee wangu.” Sebule nzima ikaitika. Mimi sikusikiliza, nilitazama macho yake. Hayakusogea. Mtu aliyeitikiwa na sebule nzima uso wake hufunguka hata kidogo, lakini wake ulibaki wa mtu anayengoja. Akarudia salamu. Halafu akapiga magoti kama alivyofunzwa, na kwa kuwa kamera haikuteremka naye, tukabaki tunaona ncha ya kilemba na ukuta wa Ujerumani.

Nikaelewa. Hakuwa akiwasikia hata kidogo, na alikuwa hawezi kuanza kuzungumza na wazee ambao hawajamwitikia shikamoo. Angepita wapi? Alikuwa amepiga magoti huko aliko, na mshono wake wa upasuaji, akingoja marahaba. Na wao huku wakingoja jibu. Adabu ileile ilikuwa imewafunga midomo pande zote mbili.

Sasa kazi. Nyumba hii ilikuwa imekufa kwa kusema, kusikia ilikuwa nzima. Nikatoka kutazama antena: imekaza, inauona mnara, jani moja tu linapunga kwa mbali. Nikarudi kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti ndani ya nyumba, na kupiga hodi kwenye mnara, yaani kutuma neno dogo na kungoja lirudi. Hodi ya kawaida hurudi kabla hujapepesa jicho. Hii ilikawia hadi ningeweza kumeza chai. Nikafungua ukurasa unaoonyesha nani anatoa nini. Kompyuta ya binamu, ile yenye Koku, ilikuwa inatoa kama uzi. Kabati la mzee lilikuwa linatoa mafuriko.

Nikauliza kuna nini kwenye seva. Mama Koku akasema baada ya mazishi vijana waliweka humo video zote za siku ile, ibada, nyimbo, kaburi, kisha wakatuma ujumbe kwenye kundi la ukoo kwamba kila mtu achukue. Ukoo ule una watu Dar, Mwanza, Kampala, Ulaya. Na kila aliyechukua akamtumia jirani kiungo. Antena za nyumbani tunazifunga zilete mengi na kutoa machache, kwa sababu watu wengi kazi yao ni kuleta tu. Hapa watu wa dunia nzima walikuwa wakinywa kwenye bomba jembamba la kutolea, na sauti za wazee zilikuwa mkiani mwa foleni.

“Basi zima hiyo kompyuta,” Deusi alisema, akiwa bado haamini.

Mzee Bitegeko akatikisa kichwa. Alisema vitu vya marehemu havizimwi wala havihamishwi kabla tanga halijaanuliwa, na kompyuta ile marehemu aliiacha ikiwaka. Nikapendekeza basi nichomoe waya wake upande wa ruta, maana ruta ni mali ya kampuni, haiko kwenye urithi. Nilijiona mjanja. Mzee akafikiri, akaniuliza wanaotazama ni akina nani. Nikamwambia ni ndugu walioshindwa kufika kuzika.

“Hao ni waombolezaji,” alisema. “Nyumba yenye msiba haimfungii mwombolezaji mlango.”

Vijana wangu, hapo wengi wenu mngekasirika. Mimi nilifurahi, maana kuzima ni kazi ya kila mtu, na kupunguza ndio ufundi. Nikamweleza Mzee hivi: siku ya kupima kahawa kwenye chama cha ushirika, mwenye magunia akitangulia kwenye mzani, bibi mwenye kikapu atakaa juani mpaka jioni. Sauti zenu ni kikapu, na video za mazishi ni magunia. Akauliza, je, haiwezekani mwenye kikapu apite kwanza, na wenye magunia wasifukuzwe ila waje polepole? Nikamwambia ndilo hasa ninalotaka kufanya, ila sijui kama nitaliweza mbele ya watu wote hawa.

Nilianza vibaya. Nikampa kila anayechukua video kikomo chake kidogo, nikiona ni haki. Hodi haikubadilika. Walikuwa wengi, na haba na haba hujaza kibaba. Vidogo vyao vyote pamoja vilikuwa mafuriko yaleyale, tena ya mpangilio. Nikafuta. Nikaweka kikomo kimoja kwa seva nzima, kwa kiasi kile tulichomwandikia marehemu kwenye mkataba wake wa antena. Hodi ikapata nafuu kidogo, kisha ikazama tena. Deusi alisimama nyuma yangu akipumua. Mimi nilikuwa najiuliza kwa sauti, kumbe, na mama mmoja akaniletea maji akidhani nimeanza kuweweseka.

Kwa nini inazama wakati nimeshaizuia? Nikatazama kinachotoka kweli wakati ule, si kilichoandikwa. Kilikuwa pungufu ya mkataba. Lile jani la mbali, mawingu, mnara wenye wateja wengi, vyote vilikuwa vimekula sehemu yake. Kikomo changu kilikuwa kikubwa kuliko njia yenyewe, kwa hiyo foleni haikusimama kwangu. Ilisimama mbele, ndani ya antena, mahali ambapo sina amri ya kumpitisha mtu yeyote. Hili lishikeni: kikomo kinacholingana na njia si kikomo. Ukitaka kuitawala foleni, ihamishie mlangoni kwako, na huwezi kuihamisha mpaka ukubali kutoa kidogo kuliko uwezo wako.

Nikashusha kikomo cha seva chini ya kile nilichokiona kikitoka, nikaacha nafasi, na hiyo nafasi nikaiandikia kompyuta yenye Koku, ipite kwanza. Nikapiga hodi. Ikarudi kabla sijapepesa jicho. Nikapiga tena nisijidanganye. Ikarudi. Seva bado ilikuwa inatoa, taratibu, mtu wa Kampala na mtu wa Dar wakipata mazishi yao kwa vipande, bila kujua kwamba wameombwa wasogee kidogo.

Nikasema wamwite.

Koku alitokea macho yamevimba. Hakuwa na haraka tena. Nadhani alipokea simu ile kwa sababu tu ni ya nyumbani. Akainama kabisa, tukabaki na kilemba. “Shikamooni wazee wangu,” alisema.

“Marahaba, mwanangu,” Mzee Bitegeko aliitika. “Inuka tukuone.”

Kilemba hakikuinuka. Kilianza kutikisika. Tulisikia analia, na mama yake akatoka pale mlangoni pa jikoni akaja kupiga magoti mbele ya kile kiti, akamwambia inuka mwanangu, wamekuitikia, wamekuwa wakikuitikia tangu jana. Koku akainuka polepole akijishika tumbo. Akasema alidhani wamemkataa. Alidhani wazee wamekaa kimya makusudi ili aelewe mwenyewe kwamba mwanamke ambaye hakumzika baba yake hana la kuuliza. Deusi akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, na hakuangalia mtu.

Mzee Bitegeko hakuliacha lipoe. Akamuuliza mbele ya ukoo kama anakubali kuishika nyumba ya baba yake, na mama yake, na wageni, na makaburi. Koku akafuta uso.

“Nimekubali,” alisema. Kisha, akiwa bado na kwikwi, akauliza, “Migomba ya nyuma ya jiko ina hali gani? Baba aliniambia kuna mmoja umeanza ugonjwa wa mnyauko. Umeng'olewa?”

Watu wakatazamana. Haukuwa umeng'olewa, ingawa mnyauko huambukiza shamba zima. Katika siku zote zile za msiba hakuna aliyekuwa ameukumbuka, na mtoto aliye mbali kuliko wote ndiye aliyeuliza. Mzee Bitegeko akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akatangaza kwamba kuanzia saa ile Koku amekalia kiti, na kwa desturi yao kila mtu atamwita kama alivyokuwa akimwita marehemu. Aliyesema baba aseme baba, aliyesema shemeji aseme shemeji.

Deusi akasogea mbele ya kiti. Kofia ilikuwa bado mikononi.

“Nitaung'oa leo,” alisema. “Nitaung'oa mimi, kaka.”

Na kutoka Ujerumani, bila kuchelewa, Koku akamwitikia.